Quadro P1000 ya mtumba ndani ya OptiPlex 7010 ndogo: maoni yangu baada ya miezi mitano

Nimekaa na hii kadi miezi mitano sasa, inapiga kazi karibu kila siku, kwa hivyo naona naweza kuiongelea bila kudanganya mtu. Ni kadi ya grafiksi, Nvidia Quadro P1000 ya mtumba, 4GB, nilinunua barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa shilingi 7,500 nikaiweka ndani ya Dell OptiPlex 7010, ile ndogo ya kulala ambayo ukipita maduka ya kompyuta ya tao unaziona zimepangwa moja juu ya ingine kama matofali. Naandika hii kwa mtu ako na mashine kama yangu na hana pesa ya kununua ingine. Mimi nilipoteza pesa kabla nifike hapa na sitaki mwingine apitie hiyo njia.

Mashine yenyewe nilinunua elfu kumi na moja pamoja na monita ya inchi 19. i5-3470, rami 4GB, diski ya 500GB. Hiyo prosesa ni ya 2012 lakini bado iko na nguvu yake, usidharau. Kazi yangu ni kuediti video, za ruracio (sherehe ya mahari), harusi, matanga, na Jumapili nasaidia kanisa letu huku mtaa wa Umoja kurusha ibada moja kwa moja mtandaoni. Penye ilikua inanishinda ni grafiksi. Hizo i5 zinakuja na Intel HD 2500 ndani yake, haina rami yake mwenyewe, inakopa kwa rami ya kompyuta, alafu ilitengenezwa wakati video za mtandaoni na za simu zilikua za aina ingine kabisa. Sahii YouTube inatuma video nyingi kwa mfumo wa VP9, simu nazo nyingi zinarekodi kwa H.265, na HD 2500 haijui kufungua hata moja ya hizo mbili, kwa hivyo mzigo wote unaangukia prosesa. Unafungua klipu ya harusi mtu amekutumia kutoka simu yake, feni inaanza kunguruma, picha inaganda, sauti inaendelea peke yake, unasikia vigelegele lakini huoni anayepiga.

Na Jumapili ndo ilikua mbaya zaidi. OBS, ile programu ya kurusha, ilikua inatumia prosesa kubana video, na ukichanganya kamera mbili na maandishi ya nyimbo chini, prosesa inafika asilimia tisini na kitu, picha inaanza kuruka. Nilijaribu ile njia ya Intel yenyewe ya kubana video, ilipunguza mzigo lakini picha ilikua inatoka na ukungu, sura za watu hazionekani vizuri. Kuna mama mmoja wa kanisa letu hajatoka nyumbani tangu aanguke akavunjika nyonga, anafuata ibada kwa simu. Aliniambia, "Mwanangu, mahubiri yanakatika kila mara mchungaji akifika kwa maana yenyewe." Hilo neno lilinikaa. Hapo ndo niliamua lazima nitafute kadi.

Kabla ya kadi kuna kitu kidogo nataka useme umesikia kwangu. Angalia rami kwanza. Yangu ilikua na kipande kimoja cha 4GB. Kwa sababu grafiksi za ndani zinakula rami ya kompyuta, kipande kimoja kinamaanisha njia moja tu ya kupitisha data, ukiweka viwili vinavyofanana zinafunguka njia mbili kwa wakati mmoja. Niliongeza kipande kingine cha DDR3 cha 4GB, cha mtumba, shilingi 1,200, kwa stika kimeandikwa PC3-12800 kama kile cha kwanza. Kompyuta ilibadilika siku hiyo hiyo, na kama kazi yako ni kuandika, barua pepe na video za kawaida, pengine hapo ndo mwisho wa safari yako na pesa ya kadi uweke kwa kitu kingine. Mimi haikunitosha, lakini ilinisaidia kungoja.

Sasa ile pesa nilipoteza. Nilikua nimesikia kila mahali watu wakisifu GTX 1050 Ti, na ni kweli ni kadi nzuri, ilitoka Oktoba 2016 na ya kawaida haihitaji waya wa ziada wa stima. Nikaona moja inauzwa mtandaoni, "GTX 1050 Ti 4GB, safi, shilingi 6,500". Muuzaji akasema hana duka, tukutane Kencom. Nikaangalia kwa macho, iko na boksi, inang'aa, nikatuma M-Pesa nikarudi nyumbani na furaha. Kwanza haikuingia. Kibati cha nyuma ni kirefu kuliko kompyuta yenyewe, na kadi ni nene ya kuchukua nafasi mbili. Hapo kosa lilikua langu, sikupima. Lakini nikaipeleka kwa binamu yangu ako na kompyuta kubwa ya kusimama, tukaiweka, ikadai waya wa ziada wa stima, tukaona ajabu lakini tukaunganisha, tukafungua programu ya kukagua kadi inaitwa GPU-Z. Mbele ya jina la kadi ikaandika FAKE, kwa herufi kubwa, kwa mabano. Ndani ilikua ni chipu ya zamani ya GTS 450, kitu cha 2010, mtu ameibadilisha programu yake ya ndani ndo ijitambulishe kama 1050 Ti. Kupiga simu, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mpaka leo hapatikani.

Kitu kingenionya, na wewe kikuonye, ni tundu la VGA, lile la bluu la pini kumi na tano. Chipu za 1050 Ti hazitoi VGA kabisa, Nvidia waliondoa hiyo kwa familia yote ya chipu za Pascal, na 1050 Ti ni mmoja wao. Ukiona mtu anauza 1050 Ti na iko na VGA nyuma, shukuru uondoke. Ya pili ni bei ikiwa chini sana. Na ya tatu, ambayo ni ya maana kuliko zote, usilipe kadi ambayo hujaiona ikiwaka ndani ya kompyuta.

Nilikaa miezi minne nikiweka pesa tena, na huo muda niliutumia kuelewa hii mashine yangu. Nilikua nadhani swali ni "kadi gani nzuri kwa pesa yangu". Kumbe kwa hizi kompyuta ndogo za ofisi mwenye kuamua ni kesi yenyewe. Kesi ni fupi, kwa hivyo kadi lazima iwe fupi na iwe na kibati kifupi. Sloti ya bluu ya kuchomeka kadi, ambayo ndo yenye kasi kamili, kwangu imekaa karibu na pawa saplai, kadi nene inagonga, kwa hivyo lazima iwe nyembamba ya nafasi moja. Na pawa saplai ya 7010 ndogo ni wati 240 na haina ule waya wa ziada wa kadi, kwa hivyo kadi lazima iishi na stima ya sloti peke yake. Sloti ndefu ya PCIe kwa kanuni inaweza kutoa hadi wati 75, lakini kompyuta zingine ndogo za ofisi zimewekewa kikomo cha chini ya hapo, tafuta karatasi ya mashine yako usome kabla ya kutoa pesa. Mimi nilijiwekea mpaka wa wati 50 ndo nilale bila wasiwasi.

Ukishaweka hayo matatu pamoja, karibu kadi zote watu wanazozisifu zinaanguka. 1050 Ti na GTX 1650 fupi zipo lakini nyingi ni nene, na bei yake haishuki juu kila mtu mwenye kompyuta ndogo anazitafuta. Zinabaki chache, na hapo ndo Luthuli unafaa kwenda ukiwa umejipanga, juu wauzaji wengi wanauza kadi kwa kutaja rami peke yake. Nilisimama duka moja nikaambiwa, "Dada, chukua hii GT 730, ni 4GB, kuliko hiyo ya 2GB, utakuwa umenunua nusu ya nini?" Alisema kwa moyo safi nafikiri, lakini sio kweli. GT 730 ni ya 2014, ziko za aina tatu chini ya jina moja, na moja yazo ndani ni chipu ya zamani zaidi yenye kori 96 tu, yaani vitengo vyake vya kufanya hesabu. Ukijaza chipu dhaifu rami nyingi bado ni chipu dhaifu. Alafu draiva zake, zile programu za kuendesha kadi, zilishaachwa zamani.

GT 1030 nayo ni nzuri kidogo, fupi, nyembamba, wati 30, ya 2017. Lakini hapo pia kuna mtego. Iko ya rami ya GDDR5 na iko ya rami ya DDR4, boksi zinafanana, jina ni moja, na ya DDR4 rami yake inapitisha karibu gigabaiti 17 kwa sekunde wakati ya GDDR5 inapitisha 48. Hiyo ni karibu mara tatu. Kama unanunua GT 1030 soma hiyo stika herufi kwa herufi. Mimi niliiacha kwa sababu ingine kabisa, haina ile sehemu ya kubana video inaitwa NVENC. Inaweza kufungua video, haiwezi kukusaidia kurusha ama kutoa video. Kwa kazi yangu hiyo ilikua ndo sababu yote ya kununua kadi.

Na hapa ndo nikafika kwa zile kadi hakuna mtu wa gemu anaziangalia, Quadro. Ni kadi za maofisi ya wachoraji wa ramani na mainjinia, zilikuja ndani ya kompyuta za kazi, na hizo kompyuta zikija mtumba kadi zinatolewa zinauzwa kando. Kwa sababu zilitengenezewa kompyuta za kazi, hizi ndogo zake ni fupi, ni nyembamba, hazina waya wa ziada. P400 ni kori 256 na 2GB, wati 30. P620 ni kori 512 na 2GB, wati 40. P1000 ni kori 640 na 4GB za GDDR5, wati 47. Zote zinatoka familia ya Pascal ile ile ya 1050 Ti na zote ziko na NVENC. Niliposoma hiyo P1000 nilihisi kama mtu alipima kesi yangu na futi akaitengeneza.

Duka nililonunua liko orofa ya pili kwa jengo moja Luthuli, ngazi nyembamba, ni chumba labda mita tatu kwa tatu, jamaa wawili na meza ya kupima. Sikujua mtu hapo, nilielekezwa na fundi wa simu wa chini. Nilienda na kompyuta yangu kwa begi ya mgongoni, kutoka Umoja na matatu mpaka tao, alafu nikatembea, na kutembea Luthuli sio kama zamani tangu wapanue njia ya watu wa miguu 2019. Nilimwambia huyo kijana wazi: niko na elfu kumi, naogopa kuibiwa, nataka kuona ikiwaka kwa mashine yangu.

Hakukasirika. Akasema, "Madam, hata mimi nisingenunua bila kuona." Akafungua kesi yangu, akapuliza vumbi kwanza, na vumbi ya mashine iliyokaa karibu na barabara ya Umoja unaijua, akatoa P620 akaniambia hii ni 5,500, inaweza kukutosha. Nikamwonyesha aina ya video nafanya, kamera mbili na maandishi juu. Akafikiria kidogo akasema hapo 2GB itakubana, ngoja. Akatoka akarudi na P1000 kutoka kwa jirani yake. Hiyo naipenda sana kwa maduka ya hapo, huyu hana anachukua kwa yule, lakini ulizia risiti inaandikwa na nani, juu ukirudi na shida lazima kuwe na mtu mmoja wa kuuliza. Yeye aliandika risiti yake mwenyewe na namba ya kadi juu yake.

Akaiweka, tukafungua GPU-Z, jina likatoka safi, kori 640, rami GDDR5, 128 biti, yote kama ilivyo kwa karatasi za Nvidia. Alafu akaifanyisha kazi nzito na programu ya FurMark karibu dakika ishirini huku tukiongea, joto likapanda hadi digrii 82. Nikauliza hiyo si nyingi? Akasema ni nyingi, hii pesti ya joto imekauka, ni ya kutoka kiwandani. Akaifungua hapo hapo, akapangusa, akaweka ingine, shilingi 200, tukapima tena ikasimama 74. Bei alianza elfu tisa. Nikamwambia ukweli wangu, nikamwambia na ile ya Kencom, akasema leta 7,500 na tusirudie hiyo stori tena. Waranti ni mwezi mmoja, kwa mtumba sio mbaya, maduka mengi wanakupa wiki.

Kitu kimoja tu alikosea, ama tuseme hakunikumbusha mapema. Nyuma ya P1000 kuna matundu manne na yote ni ya DisplayPort ndogo. Hakuna HDMI, hakuna VGA. Monita yangu ya inchi 19 ni VGA. Kwa hivyo adapta ya kwenda VGA, 900, na ingine ya kwenda HDMI ya projekta ya kanisa, 800. Jumla na pesti ikawa 9,400. Hizo adapta uziweke kwa bajeti tangu mwanzo, juu ukinunua kadi ya 7,500 ukiwa na 7,500 mfukoni utarudi nyumbani na kitu kizuri ambacho hakiwezi kukuonyesha picha. Na uzijaribu hapo hapo dukani na monita yao, kuna za bei ya chini zinapeleka picha inacheza cheza.

Nyumbani nilifungua, skrini ikawa nyeusi. Nilishtuka. Kumbe nilikua nimerudisha kebo ya monita kwa tundu la zamani la kompyuta, na ukishaweka kadi yale ya zamani yanazimwa yenyewe mpaka uyaruhusu kwa BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta. Nikachomeka kwa kadi, picha ikaja. Kama itakutokea, angalia kebo kabla ya kumpigia mtu wa duka.

Matokeo sasa. Ibada ya Jumapili ya kwanza, OBS ikiwa inatumia NVENC, prosesa ilikaa asilimia thelathini na kitu. Kamera mbili, maandishi, na bado ningeweza kufungua kitu kingine. Masaa mawili na nusu, hakuna picha iliruka. Yule mama alinipigia simu jioni, hakuongea mambo ya kompyuta, aliongea mahubiri, akanisimulia mwanzo hadi mwisho. Mimi hapo ndo niliona pesa yangu imefika nyumbani.

Kwa kuediti nitasema ukweli wote juu hapa watu wanadanganywa. Natumia programu ya kuediti inaitwa Kdenlive. Kutoa video ya dakika kumi na mbili ilikua inanichukua dakika 38, sasa ni 21 hivi. Ni karibu nusu, sio mara kumi, juu kuna kazi nyingi za kuunganisha picha bado zinafanywa na prosesa. Na kadi haikufanya kuburuta klipu mbele na nyuma kuwe kwepesi sana wakati wa kuediti, hiyo ilinyooka niliporuhusu Kdenlive itengeneze nakala ndogo za klipu, zile proksi, ambazo hazihitaji kadi na hazina gharama. Kama unaumia hapo tu, anza na proksi. Pia NVENC ya hizi Pascal ukiilinganisha na kubana kwa prosesa, inataka uipe faili kubwa kidogo ndo picha iwe sawa, mimi naongeza bitireti kidogo, yaani data ya kila sekunde, na hakuna mteja amewahi kulalamika. Kuangalia video za simu za H.265, hapo tofauti ni ya usiku na mchana, zinafunguka bila prosesa kujua.

Gemu sikununulia, lakini mdogo wangu ako hapa kila wikendi. GTA V kwa monita yangu, ambayo ni 1440 kwa 900, na mipangilio ya kawaida, inakaa kati ya fremu 50 na 60 kwa sekunde. Gemu ya mpira inaenda vizuri. Gemu mpya nzito za miaka hii miwili mitatu usijaribu, na hapo hata prosesa inalia.

Malalamiko niko nayo. Feni ya hii kadi ni ndogo sana, na ikianza kukimbia inatoa mlio mwembamba wa juu, kama uko na chumba kimoja na mtu analala utausikia. Joto pia, kesi ni ndogo na hewa haina pa kupita, nimeinua kompyuta juu ya mbao mbili ndo ipumue na nafungua kupuliza vumbi kila mwezi. Bila hivyo inarudi 80.

Na draiva. Hii lazima uijue kabla ya kununua. Nvidia walitangaza 2025 kwamba kadi zao za GeForce za familia za Maxwell na Pascal, na hii Quadro pia ni ya Pascal, draiva zake za kawaida zilikua zinaisha Oktoba 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Kwa kazi yangu hiyo hainisumbui, NVENC haiachi kufanya kazi kwa sababu hiyo. Lakini usinunue ukidhani utakaa nayo miaka kumi, na usikubali muuzaji akuambie ni kadi mpya. Upande wa Windows pia, hii i5 haiko kwa orodha ya Windows 11, na Windows 10 Microsoft walifunga huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi nilihamia Linux Mint, OBS na Kdenlive zote ziko huko, na draiva ya Nvidia inawekwa kutoka kwa menyu yake ya draiva bila kuandika amri yoyote. Windows 10 nimebakisha kwa diski ingine ya gemu za mdogo wangu, na hapo hakuna benki wala barua pepe inafunguliwa.

Kama kesi yako ni ile kubwa ya kusimama, usinunue P1000, kwa pesa hiyo ongeza kidogo utafute 1050 Ti halisi yenye nafasi mbili, itakuwa na kasi zaidi na HDMI yake na feni isiyopiga mluzi. Kama ni ndogo kama yangu na pesa haifiki, P620 ingetosha mtu anayerusha kamera moja, na 2,000 iliyobaki inalipa adapta zote. Mimi ningenunua P1000 tena, kwa duka lile lile. Sahii naweka pesa ya i7-3770, inaingia kwa sloti hiyo hiyo ya i5 na inaniongezea nyuzi nne, yule kijana ameniambia 3,500 na ameniwekea moja kando mpaka mwisho wa mwezi.